Kabla ya Kulala Hoteli ya Karibu na JKIA: Mambo ya Kuzingatia

Kabla ya kulipia chumba, hakikisha unajua ni usiku upi unaulipia. Ndege nyingi za masafa marefu huingia na kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) jijini Nairobi kati ya jioni na alfajiri, na tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24. Ukiona "00:40, tarehe 15", hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 15. Safari za kimataifa zinataka ufike muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo unatakiwa uwanjani saa tatu na dakika arobaini usiku wa tarehe 14. Aliyelipia chumba cha tarehe 15 atafika hotelini ndege imeshaondoka. Kiswahili kina neno zuri la kuondoa utata huu, "kuamkia", lakini kompyuta ya hoteli hailijui. Yenyewe huhesabu usiku kwa tarehe ya kuingia.

Kwa anayetua ni vivyo hivyo. Ndege ikifika saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 15, chumba unachohitaji ni cha tarehe 14. Vyumba kwa kawaida hutolewa kuanzia saa nane mchana, hivyo ukilipia tarehe 15 unaweza kukaa kwenye makochi ya mapokezi kwa muda wa saa kumi na moja. Ukishalipia tarehe 14, waandikie kwamba utaingia 03:00, na uwape nambari ya ndege. Usipofanya hivyo, zamu ya usiku inapofunga hesabu ya siku inaweza kukuhesabu miongoni mwa wageni ambao hawakutokea, na nafasi yako ikafutwa pamoja na siku zinazofuata. Kama unataka kuoga na kulala mchana tu kabla ya ndege ya usiku, uliza bei ya chumba cha mchana. Mara nyingi haionekani mtandaoni. Piga simu hotelini.

Kisha angalia tiketi inataja uwanja gani. NBO ni JKIA, kule Embakasi. WIL ni Wilson, Barabara ya Lang'ata, ambako ndege ndogo nyingi za kwenda Maasai Mara huanzia. Ukilala karibu na JKIA huku ndege yako ya asubuhi iko Wilson, utaingia Barabara ya Mombasa pamoja na watu wote wanaokwenda kazini mjini. Anayepanda Madaraka Express, treni ya kwenda Mombasa, kwa upande mwingine, amechagua vizuri: kituo cha treni kiko Syokimau, upande huohuo wa jiji.

"Karibu na uwanja" nako kuna maana nyingi. Four Points by Sheraton iko ndani ya eneo la uwanja wenyewe. Crowne Plaza iko nje kidogo, upande wa Airport South Road. Ole Sereni iko Barabara ya Mombasa, ikitazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mandhari ni ya kupendeza kweli, ila kutoka pale bado una safari ya gari. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, zikipiga jioni, barabara hiyo hujaa maji na magari yakasimama. Barabara ya juu, Nairobi Expressway, ina njia ya kuingilia JKIA na huokoa muda mwingi. Mwambie dereva mapema kwamba utalipa ushuru wake, na uwe na pesa taslimu mkononi.

Watu wengi husahau ukaguzi wa lango kuu. Abiria hushuka garini, hupita kwa miguu kwenye mashine ya ukaguzi, na dereva huwakuta ng'ambo ya pili. Ndege nyingi zikikaribiana, foleni hurefuka, kwa hiyo ongeza nusu saa kwenye hesabu yako hata kama hoteli iko kilomita mbili tu. Mtajie dereva jengo lako la abiria (kama vile 1A, 1B, 1C, 1D au 1E) kabla hamjafika langoni. Kuhusu gari la hoteli, uliza kama ni la bure, linatoka kila baada ya dakika ngapi, na kama usiku wa manane linafanya kazi. Usiridhike na jibu la "lipo".

Upande wa malipo, bei hutajwa kwa dola na si lazima ijumuishe kodi. Kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Chumba cha dola 200 kinafika 236 kabla ya ada ya huduma, kama ipo. Ukiingia, hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Ukitoa kadi ya akaunti yako ya kawaida, pesa hizo zinaweza kukaa siku kadhaa bila kurudi, basi usitoe ile unayoitegemea safarini. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Kama kampuni ndiyo inayolipa, toa PIN yake ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, unapoingia: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA) haikubaliwi kwenye hesabu za kodi, na kubadilisha ankara alfajiri ukiwa na mabegi mkononi ni tabu tupu.

Chumbani, omba upande usioelekea njia ya kurukia ndege. Soketi ni za pini tatu bapa, volti 240. Julai usiku ni baridi, beba sweta.

Lipa bili usiku, baada ya chakula, na uagize kiamsha kinywa cha kubeba wakati huohuo, maana jiko halitafunguliwa saa kumi alfajiri. Boksi huwa na yai la kuchemsha, mkate, tunda, mtindi na juisi. Juisi na mtindi vikizidi mililita 100 havipiti ukaguzi wa ndani, kwa hiyo vimalize garini. Yai na mkate unaweza kuingia navyo.