Kukokotoa upitishaji joto wa Ba₈Ga₁₆Ge₃₀: mchunge mgeni aliye kizimbani

Fuwele hii imejengwa kwa vizimba. Atomu 46 za Ga (galiamu) na Ge (germaniamu) ndizo kuta; ndani wamekaa wageni 8 wa Ba (bariamu), wawili kwenye vizimba vidogo na sita kwenye vikubwa. Katika 300 K latisi yake, yaani mitetemo ya atomu bila elektroni, hupitisha joto takriban 1 W/mK, sawa na kioo cha dirisha. Hesabu yako ikitoka mara kadhaa ya hapo, mshuku kwanza Ba wa kizimba kikubwa.

Anza na seli, yaani kipande kinachojirudia, ya atomu 54, yenye ukingo wa takriban 10.8 Å (angstromu, sehemu ya bilioni kumi ya mita). Kwenye kipande halisi Ga na Ge zimechanganyika, lakini kompyuta inataka kila atomu iwe na kiti chake, kwa hiyo zipange Ga zisipakane zenyewe kwa zenyewe. Idadi usiiguse: Ba 8 hutoa elektroni 16, na Ga 16 zina upungufu wa moja moja. Mpangilio huu huvunja ulinganifu wa mchemraba, hivyo jibu la mwisho ni wastani wa xx, yy na zz, yaani upitishaji kwenye pande tatu za mchemraba.

Legeza muundo, yaani atomu zitulie mahali pake, kwa programu ya Quantum ESPRESSO, ukitumia PBEsol (fomula ya kukadiria nishati ya elektroni) na gridi ya k, yaani nukta za kuhesabia elektroni, ya 4×4×4. Fomula nyingine, LDA, hubana kizimba na kupandisha masafa ya Ba. Ya tatu, PBE, hukitanua, na masafa hayo yakashuka mno.

Sasa nguvu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Njia ya kusogeza atomu moja au mbili kwa 0.03 Å inafaa silikoni. Hapa, ulinganifu ukiwa umevunjika, itadai maelfu ya mahesabu, na bado haitamwona mgeni vizuri: katika 300 K Ba wa kizimba kikubwa huyumba kama 0.2 Å, na sakafu anayochezea ni karibu bapa. Tikisa atomu zote kwa nasibu, kuta kwa 0.03 Å hivi, Ba hadi 0.2 Å. Kokotoa nguvu za sampuli kama 60, kisha tafuta visobadilika vya nguvu (namba za jinsi nguvu inavyobadilika atomu zikisogea) kwa programu ya hiPhive au ALAMODE. Tenga sampuli chache za majaribio. Kosa la kuzitabiri likiendelea kushuka kadiri sampuli zinavyoongezeka, ongeza nyingine.

Kikomo cha umbali kwa daraja la tatu, yaani visobadilika vya misogeo mitatu kwa pamoja, kiwe 5 Å. Ba wa kizimba kikubwa yuko 3.6 hadi zaidi ya 4 Å kutoka ukutani. Ukikata kwenye 3.5 Å umemfunga mdomo, na muda wa kuishi wa fononi, mawimbi ya mtetemo yanayobeba joto, utarefuka kwa uongo. Kupita nusu ya ukingo, yaani 5.4 Å, atomu huanza kugusana na nakala zake za seli jirani.

Chora mistari ya masafa ya fononi. Mstari bapa wa Ba unapaswa kuonekana karibu na 4 hadi 5 meV (elfu za elektronvolti), ukikwepana na mistari ya sauti. Masafa hasi yakitokea hapo, usiyafute kwa mkono: ongeza daraja la nne na usahihishe masafa kwa kila halijoto, maana mtikisiko huu hukazika joto linapopanda.

Suluhisha mlinganyo wa Boltzmann, unaofuata fononi zinavyosafiri na kugongana, kwenye gridi ya q (nukta za kuhesabia fononi) ya 7×7×7, kisha 9×9×9. Kwa mistari 162 iliyosongamana, ongeza pia sehemu ya kimawimbi, ile ya joto kuvuka kutoka mstari hadi mstari. Ukiiacha, jibu litatoka dogo mno. Ukilinganisha na vipimo vya maabara, toa kwanza mchango wa elektroni.