Kufunga vifungio vya snoubodi kwa anayeanza

Snoubodi ni ubao wa kuteleza kwenye theluji, na vifungio ndivyo vinavyoshika buti juu yake. Kwanza jua mguu wako wa mbele. Mtu akusukume mgongoni kidogo bila kukuonya. Utakaotangulia ndio huo. Vifungio viwe na upana wa mabega, basi. Pembe ya kila kifungio ndiyo kazi. Mimi siku ya kwanza nilielekeza miguu yote miwili mbele, magoti yakaniuma hadi usiku. Sasa anayeanza namwekea digrii 15 mguu wa mbele na hasi 6 (yaani umegeukia nyuma ya ubao) mguu wa nyuma, miguu ya bata kabisa. Ingiza buti zenyewe ndipo upime: vidole na kisigino vichomoze sawa nje ya ubao. Kaza skrubu kwa mshazari, kwa bisibisi ya mkono. Drili hula meno ya skrubu. Ukishuka mara moja, zikague na uzikaze tena.