Kuburuta Alama kwenye Ramani ya Simu

Tuseme unaunda programu ya wavuti itakayomwezesha abiria wa tuktuk mjini Mombasa kuburuta alama kwenye ramani hadi mahali anapotaka kuchukuliwa, iwe ni Kongowea au karibu na kivuko cha Likoni. Tumia matukio ya pointa (taarifa ambazo kivinjari hutoa mtumiaji anapogusa skrini au kusogeza kielekezi), ambayo hushughulikia kipanya, kidole na kalamu kwa msimbo mmoja.

Tukio la pointerdown linapotokea, yaani kidole kinapogusa alama, hifadhi pointerId, namba inayokitambulisha kidole hicho, pamoja na umbali uliopo kati ya kidole na kona ya alama, kwa kuwa usipouhifadhi alama itaruka ghafla mara tu inapoanza kusogezwa; kisha ita amri ya setPointerCapture, ili alama iendelee kupokea matukio hata kidole kikiteleza nje yake. Usiihamishe kabla kidole hakijasogea pikseli chache, kwani mkono wa mtu aliyesimama katika msongamano wa Mwembe Tayari hautulii, na mguso wa kawaida haufai kuhesabiwa kuwa mburuto.

Katika CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, ipe alama touch-action: none, la sivyo kivinjari kinaweza kudhani kwamba mtumiaji anasogeza ukurasa, kikatuma tukio la pointercancel na kuukatiza mburuto. Tukio hilo, ambalo wengi hulisahau, likitokea, irudishe alama ilipokuwa. Tukio la pointerup, yaani kidole kinapoinuliwa, ndilo linalothibitisha mahali papya.