Barakoa ya koo kwa mtoto: anza na mizani

Nawaandikia wenzangu wa usingizi ambao ndio kwanza wameanza kushika watoto. Tuchukue mtoto wa miaka 2, kilo 12, anayefanyiwa ngiri ya kinena. Saa 6 zimepita tangu ale, 2 tangu anywe maji. Angekuwa na tumbo lililojaa au utumbo ulioziba, nisingegusa barakoa ya koo, yaani LMA, kifaa kinachokaa juu ya zoloto (kisanduku cha sauti) na kumpitishia hewa aliyelala usingizi wa dawa. Huyo ni wa mrija unaoingia ndani ya koo la pumzi, kwa kuwa LMA haizuii matapishi kuingia mapafuni.

Hatua ya 1: Mpime. Usikisie kwa macho, wala usitegemee umri anaoutaja mama. Namba 1 ni chini ya kilo 5, 1.5 ni kilo 5–10, 2 ni 10–20, 2.5 ni 20–30. Wetu anachukua namba 2. Weka mezani namba ya juu na ya chini yake, pamoja na mrija wenye puto: umri gawanya kwa 4, ongeza 3.5, kwa hiyo hapa namba 4.

Hatua ya 2: Jaza puto la barakoa, ule mfuko wa hewa ulioizunguka, uone kama linavuja, kisha litoe hewa. Paka jeli mgongoni mwa barakoa tu. Ukipaka upande wa mbele, inaziba tundu au inamwasha zoloto.

Hatua ya 3: Subiri usingizi uzame. Hapa ndipo wengi tunaharibu, maana daktari wa upasuaji ameshanawa na anakutazama. Sukuma taya mbele kwa nguvu. Akijinyonganyonga, usingizi bado mwepesi, na ukiingiza kitu sasa zoloto litajifunga. Mwenye mafua ni hatari zaidi.

Hatua ya 4: Inua kidevu, bana barakoa kwenye kaakaa, iteleze mpaka ikwame yenyewe. Ulimi wa mtoto ni mkubwa kwa kinywa chake, na tonsili nazo zinabana. Ikigoma, jaza hewa kidogo, iingize kiubavu, halafu izungushe irudi katikati. Usishindane nayo.

Hatua ya 5: Mililita 10 za hewa kwa puto la namba 2 ni kikomo, si kipimo cha kufikia. Jaza kidogokidogo hadi mvujo ukome. Ukiwa na kipima shinikizo, usizidishe sentimita 60 za maji. Puto lililojaa kupita kiasi linavuja zaidi, na mtoto anaamka koo linauma.

Hatua ya 6: Kifua kiinuke, sauti za pumzi ziwe sawa pande zote, kapnografu (kipima kaboni dioksidi ya pumzi) ichore. Oksimita, kipima oksijeni ya damu, huchelewa kukuambia.

Zoloto likijifunga: oksijeni asilimia 100, taya mbele, shinikizo la mfululizo kwa barakoa ya uso. Likikataa, propofoli (dawa ya usingizi) au suksametoni (dawa ya kulegeza misuli), dozi uliyoipigia hesabu kwa kilo kabla hujaanza.

Baada ya kazi: LMA ya silikoni inayorudiwa hutolewa hewa yote kabla ya kuingia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), la sivyo hewa iliyobaki inatanuka na kulichana puto. Aina iitwayo Classic ina mwisho wa mara 40; sisi tunapiga alama kwenye kadi yake kila inapoingia otoklevu.