Ukiletewa habari ya seli za kuponya kisukari cha mtoto

Mzazi mwenzangu, tangu binti yangu aanze kudungwa insulini, hapa Kondele sikosi mtu wa kuniletea tiba. Zamani walikuja na mizizi, siku hizi ni seli. Hii ya seli ina ukweli ndani yake, kwa hivyo muulize huyo mtu maswali kabla hujamkatalia au kumpa pesa.

Anza na hili: ni seli gani, na zinawekwa wapi? Kisukari aina ya kwanza hutokea kinga ya mwili inapoziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Upandikizaji hurudisha seli za kazi hiyo hiyo. Mwaka 2000, daktari James Shapiro na wenzake kule Edmonton, Kanada, walieleza habari za wagonjwa 7 walioacha sindano baada ya seli za kongosho za marehemu kupitishwa kwenye mshipa unaoingia ini. Kila mgonjwa alihitaji kongosho mbili au zaidi, na marehemu hawatoshi. Ndiyo maana sasa wanatengeneza seli kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 2025, kampuni ya Vertex ilitoa matokeo ya watu 12 waliopewa dozi kamili: baada ya mwaka, 10 hawakuhitaji insulini. Wote walikuwa watu wazima ambao sukari yao ilikuwa ikishuka kwa hatari. Mtoto hakuwemo.

Swali la pili ndilo la kumbana nalo: mtoto atatumia dawa gani za kutuliza kinga, na kwa muda gani? Bila dawa hizo mwili huziua seli mpya, na ukizitumia maambukizi hukupata kwa urahisi. Huku kwetu kuna TB, jambo ambalo mimi silichukulii kirahisi hata kidogo. Kule Uppsala, Uswidi, mtu mmoja alipandikiziwa mkononi seli zilizobadilishwa jeni ili kinga isizishambulie, bila dawa hizo, lakini zilikuwa chache na bado anajidunga insulini.

Kisha omba kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu na cha kamati ya maadili ya utafiti. Akianza kuzungusha maneno, au akitaka amana kwa M-Pesa, mwage.

Akikwambia usimamishe insulini kwanza "seli zishike", ondoka hapo hapo. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini, sumu ya ketoni (tindikali inayojaa kwenye damu) inaweza kumlaza mahututi haraka sana. Ameanza kutapika na kuhema kwa nguvu? Mpeleke hospitali usiku huo huo.