Kikatalani kwa sentensi za kila siku: somo la kwanza

Somo hili ni la anayeanza kabisa. Kikatalani kilizaliwa na Kilatini, sawa na Kihispania na Kifaransa, na ni lugha inayojitegemea, si lahaja ya Kihispania. Kinasemwa Katalonia, Valencia, visiwa vya Mallorca, Menorca na Ibiza, kusini mwa Ufaransa kuzunguka Perpignan, mji wa Alghero kisiwani Sardinia, na Andorra ambako ndicho lugha rasmi pekee.

Usikariri orodha za maneno. Chukua sentensi nzima, iandike, itamke mara kadhaa, kisha badilisha kipande kimoja tu. Sarufi utaiokota humohumo.

Hatua ya 1: Sauti

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji hapa. Ny ni ny yetu hasa: Catalunya, any (mwaka). X mwanzoni mwa neno ni sh: xocolata. Ix baada ya irabu pia ni sh, kwa hiyo caixa hutamkwa karibu sawa na kasha, na maana ni hiyohiyo ya sanduku. Kasha letu lilitokana na caixa ya Kireno, ndugu wa Kikatalani. Tx ni ch: cotxe (gari). Hata -ig mwishoni ni ch: mig (nusu) husomwa mich, vaig husomwa bach. H haitamkwi.

Tatizo letu ni mwisho wa neno. Tumezoea kumalizia kwa irabu, na Kikatalani kinapenda kumalizia kwa konsonanti. Ukisema "nena" ukikusudia nen, umemgeuza mvulana kuwa msichana. Kata sauti palepale neno linapoishia.

Jambo la pili: Barcelona na sehemu za karibu, a na e zisizo na mkazo hufifia zikawa sauti moja hafifu, na o isiyo na mkazo huwa u. Posar (kuweka) husikika kama puzá; r ya mwisho haisikiki.

Hatua ya 2: Sokoni

Ukifika kwenye kibanda chenye watu, usitafute mstari. Uliza: Qui és l'últim? (Nani wa mwisho?) Atakayejibu ndiye unayemfuata. Zamu yako ikifika:

— Bon dia. Posi'm un quilo de tomàquets, sisplau.
(Habari za asubuhi. Nipimie kilo moja ya nyanya, tafadhali.)
— Alguna cosa més? (Kingine?)
— Mig quilo de patates i dues llimones. (Nusu kilo ya viazi na malimau mawili.)
— Res més? (Basi?)
— Res més, gràcies. Quant és? (Basi, asante. Ni kiasi gani?)

Sasa badilisha vipande: quatre taronges (machungwa manne), una dotzena d'ous (dazeni ya mayai). Angalia de imekuwa d' mbele ya irabu.

Nomino zina makundi mawili tu, la kiume na la kike; kwa aliyekua na ngeli zetu, huu si mzigo. Kila nomino ijifunze na neno lake la mbele: el tomàquet, la llimona, wingi els tomàquets, les llimones. Mbele ya irabu au h, el na la kwa kawaida hufupika: l'ou (yai), l'hospital. Sifa hufuata nomino: tomàquets madurs (nyanya mbivu), llimones grosses (malimau makubwa). Kuanzia moja hadi kumi, namba zinazobadilika ni mbili: un/una na dos/dues. Kosa linalosikika sana ni "dos llimones".

Wingi wa -a ni -es, na herufi hubadilika ili sauti ibaki ileile: taronja, taronges, vaca (ng'ombe), vaques.

Kisha muuzaji atauliza: Quantes en vol? (Unataka mangapi?) Jibu: En vull quatre. Sisi tunasema "nataka manne", na ile ma- inaonyesha tunazungumzia machungwa. Quatre haina kiambishi, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na en. Ukisema "Vull quatre" utaeleweka, lakini sentensi ina pengo. Wengi huacha en kwa miezi kadhaa kwa sababu Kihispania hakina kitu kama hicho. Anza nayo siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Vitenzi

Kiswahili huweka mtenda mbele ya kitenzi, Kikatalani humweka nyuma: parlo (ninasema), parles (unasema), parla (anasema), parlem (tunasema), parleu (mnasema), parlen (wanasema). Ndiyo maana hakuna haja ya kutaja jo (mimi) kila mara. Parlo una mica de català: ninasema Kikatalani kidogo.

Vitenzi vitano havifuati mkondo huo na utavihitaji leo: soc (ni), tinc (nina), vull (nataka), puc (naweza), vaig (naenda). Tinc inalingana vizuri na "nina": tinc gana (nina njaa), tinc set (nina kiu), tinc son (nina usingizi).

Kwa maumivu, fikiri Kiswahili moja kwa moja. Em fa mal el cap: kichwa kinaniuma. Em fan mal les dents: meno yananiuma. Kinachouma ndicho kinachotawala kitenzi, kama kwetu. Vivyo hivyo M'agrada el peix (samaki ananipendeza), M'agraden les olives (zeituni zinanipendeza).

Hatua ya 4: Mtego wa vaig

Avui he comprat pa. (Leo nimenunua mkate.)
Ahir vaig comprar pa. (Jana nilinunua mkate.)
Ara vaig a comprar pa. (Sasa naenda kununua mkate.)

Tofauti ya sentensi ya pili na ya tatu ni herufi moja, a. Bila a, vaig haina maana ya kwenda. Ni alama ya wakati uliopita, kama -li- yetu. Anayejua Kihispania huteleza zaidi hapa, kwa sababu kule "kwenda" hujenga wakati ujao. Wakati ujao una umbo lake: Demà compraré pa (Kesho nitanunua mkate).

Mfuatano wa -li- ni huu: vaig, vas, va, vam, vau, van, kisha kitenzi kisichobadilika. Ukiujua, unaweza kusema kila kitenzi cha lugha hii kwa wakati uliopita.

Hatua ya 5: Saa

Hapa miadi hupotea, kwa sababu kuna mageuzi mawili kwa mpigo. La kwanza unalijua: saa moja asubuhi ni les set. La pili ni robo. Kikatalani hakihesabu robo zilizopita baada ya saa, kinahesabu robo za saa inayojaa. Ikipita saa 2:00, inayojaa ni ya tatu:

2:15 un quart de tres (saa nane na robo)
2:30 dos quarts de tres (saa nane na nusu)
2:45 tres quarts de tres (saa tisa kasorobo)
3:00 les tres (saa tisa kamili)

Ukiambiwa demà al matí (kesho asubuhi) a dos quarts de deu, chukua kumi, toa moja, ongeza nusu saa: 9:30, yaani saa tatu na nusu asubuhi. Asiyejua hutokea 10:30, muda wake umeshapita. Mpaka uzoee, rudia kwa tarakimu: A les nou i trenta, oi? Hakuna atakayeshangaa.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, shikamoo. Mtu mzima namsalimuje kwa heshima?*
Marahaba. Hakuna salamu maalumu kama shikamoo. Heshima iko kwenye vostè ("wewe" ya heshima). Kitenzi huchukua umbo la nafsi ya tatu: Com està? (Hujambo?), si Com estàs? Ndiyo maana sokoni tumesema posi'm. Kwa rafiki ni posa'm.

*Kitabu changu kina sóc, wewe umeandika soc. Lipi sahihi?*
Soc. Mwaka 2016 Institut d'Estudis Catalans, taasisi inayosimamia Kikatalani sanifu, iliondoa alama nyingi za kutofautisha maneno. Kitabu chako ni cha kabla ya hapo. Lakini més (zaidi) na mes (mwezi) bado hutofautishwa, kwa hiyo kaulimbiu ya Barça ni Més que un club. Na ile ç ni s tu.

*Nasikia watu mtaani wakisema "tinc que anar". Niwaige?*
Hapana, ndugu. Muundo huo umetoka Kihispania. Sema He d'anar al metge: lazima niende kwa daktari.

*Dada yangu yuko Valencia. Somo hili litamfaa?*
Litamfaa sana, ila atasikia parle badala ya parlo, huit badala ya vuit (nane), xiquet badala ya nen, na r za mwisho zikitamkwa. Saa atapata nafuu: kule husema les dos i mitja kwa 2:30.

*Nikianza kwa Kikatalani wananijibu Kihispania. Nifanyeje?*
Wanadhani wanakusaidia. Waambie: Podem parlar en català, sisplau? Estic aprenent. (Tunaweza kuzungumza Kikatalani, tafadhali? Ninajifunza.) Wakienda mbio: Més a poc a poc, sisplau. (Polepole zaidi, tafadhali.) Ukikwama kwenye neno: Com es diu això? (Hii inaitwaje?) Kama uko Katalonia, ulizia Voluntariat per la Llengua, mpango unaokukutanisha na mzungumzaji kwa angalau saa 10 za mazungumzo. Aliye mbali aanze na Parla.cat kwenye intaneti.