Kupima glakoma ya kona finyu katika jamii, hatua kwa hatua

Maji ya ndani ya jicho hutoka kupitia kona iliyo kati ya konea, kioo cha mbele cha jicho, na airisi, lile duara lenye rangi. Airisi ikiziba kona hiyo, presha hupanda na mshipa wa fahamu wa jicho huanza kufa; hiyo ndiyo glakoma ya kona finyu. Uoni uliopotea haurudi. Lakini kona huwa finyu miaka mingi kabla ya madhara, na ufinyu huo unaonekana kwa vifaa vya kawaida. Nawaandikia wahudumu wa macho wanaoandaa zoezi la upimaji.

1. Chagua wa kupima. Anza na waliofikisha miaka 50, hasa wanawake, wenye miwani ya kuongeza nguvu (namba za jumlisha), wenye asili ya Asia Mashariki, na ndugu wa damu wa wagonjwa. Usisubiri dalili, maana wengi hawana.

2. Tumia mwanga wa pembeni. Shika tochi upande wa sikio, sambamba na airisi. Airisi ikiangaza yote hadi upande wa pua, kona huenda ni pana. Kivuli upande wa pua ni ishara ya hatari. Tochi hukosea mara nyingi, kwa hiyo kama una hadubini ya macho, fanya kipimo cha Van Herick: elekeza mwali mwembamba kwa nyuzi 60 kwenye ukingo wa konea upande wa sikio, kisha linganisha nafasi nyeusi iliyo nyuma ya konea na unene wa konea yenyewe. Nafasi ikiwa robo ya unene huo au pungufu, mtu aende hatua ya 4.

3. Pima presha, angalia mshipa. Presha ya kawaida isikutulize. Jicho lenye kona finyu linaweza kuwa na presha nzuri siku hiyo. Matone ya kutanua mboni yasubiri hadi kona ikaguliwe.

4. Gonioskopi, yaani kuitazama kona yenyewe kwa lenzi maalumu inayowekwa juu ya jicho. Hapa ndipo zoezi zima hufaulu au huharibika. Zima taa za chumba, funga mapazia. Tumia mwali mfupi wa milimita 1 usiogusa mboni, kwa sababu mwanga ukiingia mboni husinyaa na kona hufunguka mbele ya macho yako; utaandika "kona pana" kwa mtu aliye hatarini. Mgonjwa atazame mbele. Usikandamize lenzi mwanzoni. Ukishakagua pande zote nne, ndipo ubonyeze makusudi kidogo, kwa lenzi inayofaa: kona ikifunguka, airisi iliegemea tu, isipofunguka, imegandamana. Chujio la maji, yaani tishu ya ndani ya kona ambamo maji hupita yakitoka, lisipoonekana kwa nyuzi 180 au zaidi, hiyo ni kona finyu.

5. Amua. Si kila kona finyu ni ya kupigwa leza. Utafiti wa ZAP wa Guangzhou, China, uliochapishwa 2019, ulifuatilia watu 889 kwa miaka 6, kila mmoja jicho moja likitobolewa airisi kwa leza. Macho 19 yaliyotibiwa yalipata tatizo, dhidi ya 36 yasiyotibiwa. Leza ilisaidia, ila waliougua walikuwa wachache kiasi kwamba watafiti hawakupendekeza kuipiga kwa wote. Nami nakubaliana nao: mwenye kona finyu tu afuatiliwe, isipokuwa hawezi kurudi au anaishi mbali na huduma. Mwenye presha ya juu au mgandamano atibiwe. Mshipa ukiwa umeathirika, mpeleke kwa daktari bingwa mapema. Kwa baadhi yao kutolewa lenzi ya jicho huwa bora kuliko leza, kama utafiti wa EAGLE wa 2016 ulivyoonyesha.

6. Usiwapoteze. Andika simu ya mgonjwa na ya ndugu yake, na mpe tarehe ya kurudi kabla hajaondoka. Mweleze kuwa jicho likiwa jekundu na kuuma sana, uoni ukiwa na ukungu, taa zikionekana na duara za rangi, au akitapika, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba ana kona finyu. Maumivu hayo na kutapika humfanya mhudumu atafute ugonjwa tumboni huku jicho likiharibika.